Saa moja baada ya swala ya alfajiri: mwongozo wa mazoezi na tafakuri katika uwanja wa msikiti, Mikindani

Anayetaka kukaa kimya baada ya swala ya alfajiri ilhali hajaulegeza mwili wake, sehemu kubwa ya muda wake itaishia katika kushindana na magoti, kiuno na usingizi. Nayasema haya kwa kuwa ndivyo nilivyokaa karibu mwaka mzima katika msikiti mdogo wa mtaa wetu hapa Mikindani, nikidhani kwamba moyo wangu ndio usiotulia, kumbe aliyekuwa akinisumbua ni mguu uliokufa ganzi. Tangu nilipoanza kuutangulizia mwili haki yake, kukaa kumekuwa kwepesi, na utaratibu ninaoueleza hapa umejengwa juu ya jambo hilo moja: mwili kwanza, kisha utulivu.

Muda wenyewe tunapewa na jua. Huku kwetu jua huchomoza mapema zaidi mwezi wa Novemba, yapata saa 11:45 alfajiri, na huchelewa zaidi mwezi wa Julai, yapata saa 12:35 asubuhi. Adhana nayo husogea pamoja na jua, na kwa hiyo, mwaka mzima, kati ya kutoa salamu ya swala ya alfajiri na kuingia kwa wakati wa ishraki, yaani swala ya rakaa mbili baada ya jua kuchomoza, hupatikana takriban saa moja. Saa hiyo ndiyo tutakayoigawa: dakika 15 za kuulegeza na kuutia mwili nguvu, dakika 25 za kutembea, na dakika 20 za kukaa.

Wapo wanaoshikilia kwamba ni bora mtu asiondoke mahali aliposwalia mpaka jua lichomoze. Msimamo huo una uzito wake, nami sishindani nao. Anayeufuata ajilegeze nyumbani kwa dakika 10 kabla ya adhana, akae msikitini mpaka aswali ishraki, na matembezi ayaweke mwisho.

Kabla ya siku ya kwanza

Anza kwa kuomba ruhusa. Mwone imamu, au mtu wa kamati ya msikiti, umweleze kwamba unataka kuutumia uwanja wa nje na baraza baada ya swala, na umwambie saa utakayomaliza. Usifanye mazoezi ndani ya msikiti, hata kama pako wazi na hapana mtu, kwa sababu ndani kuna wanaosoma Kurani na wanaoleta uradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu yanayorudiwarudiwa, na mtu anayeinua mikono na kuhema mbele yao huwaondolea kile walichokifuata. Ukiona jeneza limeletwa au watu wanajikusanya kwa ajili ya maziko, ahirisha mazoezi yote ya siku hiyo. Uwanja ni wa wafiwa.

Kuhusu afya, mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au maumivu ya magoti ya muda mrefu aende kwanza zahanati au kituo cha afya, apimwe na aeleze anachokusudia kufanya. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitembee na tumbo tupu kwa kubahatisha. Apime sukari yake, ale kidogo kama alivyoelekezwa, na awe na tende chache au sukari mfukoni. Kwa mtu yeyote, maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida ni dalili ya kuacha papo hapo na kutafuta msaada.

Vitu vinavyohitajika ni vichache. Vaa suruali pana inayovuka magoti, au msuli uliofungwa imara na kaptura ndefu ndani yake, pamoja na shati la mikono mirefu. Mikono mirefu si ya heshima tu: mbu wanaoeneza malaria huuma usiku kucha mpaka kunapopambazuka, na mtu aliyesimama kimya chini ya mwarobaini wakati huo huwa amejipeleka kwao. Chukua viatu vya kufunga kwa ajili ya matembezi, kwa kuwa kandambili huteleza penye umande, mkeka wa kukalia, tasbihi, na chupa ya maji. Simu iache nyumbani. Nitaeleza hapo chini namna ya kuhesabu muda bila simu.

Hatua ya kwanza: kuulegeza mwili

Toka uwanjani ukiwa bado na utulivu wa swala na usianze kwa vishindo. Simama na miguu iliyoachana kwa upana wa mabega, uzungushe mabega kwa nyuma mara 10, kisha kwa mbele mara 10, ugeuze shingo taratibu kulia na kushoto, na uzungushe viganja na vifundo vya miguu. Haya huchukua dakika 3 na hayahitaji maelezo zaidi.

Mgongo ndio unaohitaji maelezo. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa sijui, nilikuwa nikitoka kitandani na kuinama moja kwa moja kugusa vidole vya miguu, magoti yakiwa yamenyooka, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa shuleni tukiwa watoto. Asubuhi moja nilisikia kitu kimekaza chini ya kiuno, na kwa wiki 3 nilikuwa nikivaa viatu nikisaidiwa na mke wangu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenitibu alinieleza sababu: usiku, mtu akiwa amelala, diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa jioni, na diski iliyojaa hivyo hubanwa zaidi mtu anapojikunja mbele kwa nguvu. Kwa hiyo, katika saa ya kwanza baada ya kuamka, usijikunje sana mbele wala usiinue kitu kizito ukiwa umeinama. Rukuu haina shida hiyo kwa aliye mzima, kwa kuwa mgongo hunyooka na mikono hushika magoti na kuubeba uzito. Badala ya kuinama, weka viganja kiunoni, usukume nyonga mbele kidogo na kifua juu, ubaki hapo kwa pumzi 2, urudi. Fanya hivyo mara 5. Kisha zungusha nyonga kwa duara dogo, kama mtu anayepepeta kwa ungo, mara 10 kila upande.

Ukishalegea, utie mwili nguvu. Mazoezi manne yanatosha, na yote hufanyika kwa kutumia baraza, ukuta na nguzo.

La kwanza ni kuketi na kusimama. Keti kwenye ukingo wa baraza, nyayo zikiwa zimekanyaga chini barabara, uvuke mikono kifuani, usimame bila kujisukuma kwa mikono, na uketi tena polepole. Fanya mara 10, upumzike, urudie. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mapaja yanayoweza kumwinua mtu kutoka kwenye baraza ndiyo yatakayomwinua kutoka kwenye sijda akifika umri wa kuhitaji kushikwa mkono. Baraza ikiwa fupi mno kwako, anza na kiti.

La pili ni kusukuma ukuta: simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, uweke viganja usawa wa kifua, ukunje viwiko mpaka paji la uso likaribie ukuta, kisha ujisukume, mara 10 hadi 15. Chagua ukuta imara, kwa maana baadhi ya kuta kongwe za mawe na chokaa hapa mjini humomonyoka zikisukumwa. La tatu ni kushika nguzo na kujiinua kwa ncha za vidole vya miguu, mara 15. La nne ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na nguzo bila kuishika, kwa sekunde 20 hadi 30 kila mguu, na hili wazee wasiliache, kwa kuwa ndilo linalowakinga na kuanguka.

Katika yote haya usizuie pumzi. Toa pumzi unapojisukuma au unaposimama, na uivute unaporudi. Anayebana pumzi huku akikaza misuli hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla.

Hatua ya pili: kutembea

Kwa wakati huu mwanga utakuwa umeanza kutosha kuona njia. Tembea dakika 25 kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini usiokuwezesha kuimba. Kipimo hicho kinatosha na hakina gharama. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Dakika 25 kwa siku 6 ni dakika 150 kamili, na yale mazoezi manne ya uwanjani yanatimiza sehemu ya pili.

Njia ninazotumia ni mbili. Ya kwanza hupita katikati ya nyumba kongwe za mawe, hukatiza barabara ya Mtwara na kupanda kuelekea Boma, jengo ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Kupanda kule hutosha kumtoa mtu jasho kwa muda mfupi, na mwenye magoti mabovu apande polepole na ashuke polepole zaidi, kwa sababu ni katika kushuka goti hubeba mzigo mkubwa. Njia ya pili hufuata ufuko wa ghuba. Hii inataka mtu ajue maji: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, alfajiri hukuta maji bado mengi na ufuko mwembamba, na kinachobaki ni mchanga laini unaochosha vifundo vya miguu, ilhali siku za maji mafu hupatikana nafasi kubwa zaidi ya mchanga mgumu. Anayeishi hapa hahitaji kitabu. Awaulize wavuvi wanaoteremsha mitumbwi.

Tembea ukiwa kimya, hata kama mko wawili. Salamu zitolewe na zijibiwe, na shikamoo ya mkubwa isikatishwe kwa haraka ya mazoezi, lakini mazungumzo ya bei ya korosho na ya uchaguzi wa serikali ya mtaa yasubiri chai. Katika dakika 5 za mwisho punguza mwendo, ili ufike uwanjani moyo ukiwa umeshaanza kushuka.

Hatua ya tatu: kukaa

Nawa uso, tawadha upya ikiwa udhu umekatika, unywe maji kidogo, uchague mahali pako penye baraza. Inafaa pawe mahali palepale kila siku, na pasiwe kwenye mkabala wa mlango watu wanapopita.

Namna ya kuketi nilifundishwa na mzee mmoja wa mtaani, mvuvi wa ngalawa aliyestaafu, ambaye magoti yake yalikwisha zamani kwa kuruka majini. Aliniona siku moja nikijitupa mkekani, akanishika bega. “Mwanangu, usishuke kama gunia,” aliniambia. “Gunia huangushwa. Shuka kama nanga, kamba ikiwa mkononi.” Akaishika nguzo kwa mkono wa kulia, akarudisha mguu mmoja nyuma, akateremka taratibu mpaka goti likagusa mkeka, ndipo akaiachia nguzo na kukaa. Tangu siku ile nami nashuka hivyo, na kuinuka hufuata njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma.

Usikalie sakafu tupu. Kunja mkeka mara 3 au 4, au tumia mto mgumu wa sufi, ukalie ukingo wake wa mbele ili nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti. Tofauti ya vidole vinne tu ndiyo inayouwezesha mgongo kusimama wenyewe bila kuegemea. Kunja miguu mbele yako bila kubana mmoja juu ya mwingine, uweke viganja juu ya mapaja, na uinamishe macho mahali pamoja palipo hatua mbili mbele. Anayesinzia asiyafumbe kabisa. Asiyeweza kukaa chini akae barazani au kwenye kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, na hana alichokosa.

Sasa shika tasbihi. Vuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya 4, uitoe taratibu kwa hesabu ya 6, kisha usogeze punje moja. Pumzi inayotoka kwa urefu kuliko inavyoingia hutuliza mapigo ya moyo, na pumzi 6 kwa dakika ni mwendo ambao mwili huupokea vizuri. Kwa kuwa kila punje huchukua takriban sekunde 10, punje 33 ni dakika 5 na nusu, punje 66 ni dakika 11, na tasbihi nzima ya punje 99 ni dakika 16 na nusu. Hivi ndivyo mtu anavyojua muda bila simu wala saa. Mwezi wa kwanza ukomee 33, wa pili 66, na tasbihi nzima uiache mpaka mwezi wa tatu. Ukiona hesabu ya 4 na 6 inakubana, tumia 3 na 4; pumzi isiyokuwa na raha haimtulizi mtu.

Mwenye uradi wake aulete ndani ya pumzi hiyo, kimyakimya, neno likitoka pamoja na pumzi. Uradi wa tarika, yaani wa njia ya kisufi, mtu afundishwe na shekhe wake. Mkristo anayefanya haya katika uwanja wa kanisa lake anaweza kuhesabu vivyo hivyo kwa rozari na kushika mstari mmoja wa Zaburi. Huko Ndanda, watawa wa Mtakatifu Benedikto, ambao misheni yao ilianza mwaka 1906, huianza siku kwa sala za pamoja na kwa kusoma Maandiko polepole, na aliyewahi kukaa karibu na kanisa lao alfajiri anajua kwamba ukimya wa asubuhi si mali ya dini moja.

Akili itatoka. Itakwenda kwenye ada ya shule, kwenye deni la dukani, kwenye neno alilokwambia shemeji yako juzi. Ukigundua imetoka, usijilaumu na usianze hesabu upya; rudi kwenye punje iliyo mkononi na pumzi inayofuata. Sauti nazo zitakuja, na kwetu inayotangulia ni ya fagio la chelewa, kwa kuwa nyumba ya jirani hufagiwa ua kila siku wakati huo: mkwaruzo mrefu, mkwaruzo mfupi, kimya kidogo anapookota majani, kisha mkwaruzo tena. Mwanzoni sauti hiyo ilinikera. Baadaye niliitumia kama zoezi lenyewe: niisikie inapoanza, niisikie inapokoma, nisimfuate anayefagia kwa mawazo mpaka ndani ya nyumba yake. Chagua sauti moja ya mahali pako uifanyie hivyo.

Punje zikiisha, weka tasbihi chini na ukae dakika 2 au 3 bila kuhesabu kitu, ukiitafakari aya moja au neema moja mahsusi ya siku iliyopita. Iwe mahsusi kweli: si “afya” kwa jumla, bali mtoto ambaye homa yake ilishuka usiku. Kisha inuka kama nanga inavyopandishwa. Usiswali jua linapochomoza. Subiri lipande kiasi cha mkuki, yaani takriban dakika 15, ndipo uswali rakaa mbili za ishraki.

Kuubadili utaratibu kulingana na majira

Wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili, matembezi yanaweza kukosekana siku nyingi. Tembea ukizunguka chini ya paa la baraza, au urudie yale mazoezi manne mara mbili. Usikimbie kwenye sakafu iliyolowa. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, alfajiri huwa na baridi, na mwili huhitaji dakika 5 zaidi za kulegea.

Msimu wa kuokota korosho, kuanzia Oktoba hivi, wengi wetu huwahi shamba kabla jua halijawa kali, na kuinama chini ya mikorosho ni kazi ya kutosha. Acha matembezi na mazoezi ya nguvu, ubaki na dakika 5 za kuulegeza mgongo na punje 33, ukikumbuka kupiga goti unapookota badala ya kuinama kwa kiuno.

Mwezi wa Ramadhani, aliyefunga afanye tu sehemu ya kulegea na kukaa baada ya alfajiri, kwa kuwa jasho la asubuhi halitapata maji ya kulirudisha mpaka magharibi. Matembezi ayaweke karibu na futari, au baada ya tarawehe.

Akina mama wa mtaa wetu hukutana katika ua wa nyumba moja baada ya swala na hufuata hatua hizihizi, na matembezi huyafanya kwa kundi, jambo ambalo ni bora pia kwa usalama njia ikiwa bado na giza. Mjamzito aulize kliniki, na asifanye zoezi la mguu mmoja bila kushika kitu.

Ukimaliza, kunja mkeka, ufagie majani ya mwarobaini uliyoyakanyaga, ujaze maji kwenye kopo la kutawadhia ulilolitumia na ulirudishe mahali pake. Watoto wa madrasa wakiutumia uwanja asubuhi, kama wetu wanavyoutumia, uwe umeshaondoka kabla ya saa 1:00, kwa sababu hufika wakikimbia, na ubao wao huegemezwa kwenye nguzo ileile.